Karatasi Zilizokula Magunia Tisa

Mama Pilipili si mtu wa kupayuka, lakini siku hiyo alipayuka. Na nani asingepayuka? Kapanda ngazi za ofisi ya ukaguzi wa mazao mara nne wiki hiyo, goti linamuuma, halafu karani anamwambia bila hata kunyanyua uso, "Mama, cheti hiki kimekwisha muda."

"Kimekwishaje? Si mmenipa ninyi wenyewe?"

"Cheti cha ukaguzi kinadumu siku kumi na nne."

"Na kile cha asili ya bidhaa mmekikalia siku kumi na sita! Sasa nivipate vyote viwili vikiwa hai kwa uchawi gani?"

Karani akasema hilo si la dirisha lake. Aanze upya, na ada alipe upya.

Ghalani kwake kulikuwa na magunia mia ya pilipili kavu, kila moja limepigwa chapa ya jina la shamba lake. Miaka kumi na minane alikuwa akiwauzia madalali kwa bei ya kutupa, wao ndio wanapeleka nje na kunenepa. Mwaka huu, kwa mara ya kwanza, alipata mnunuzi wake mwenyewe wa ng'ambo. Mnunuzi huyo alishaandika kwamba mzigo usipoondoka ndani ya siku tisa, anatafuta mtu mwingine.

Jioni akampigia simu wifi yake, mke wa kaka yake, anayesafirisha pilipili kutoka nchi jirani. Akafungua daftari. Hesabu zake zote huzifanya kwa magunia, maana pesa humchanganya.

"Wifi, huku karatasi zimeshakula magunia tisa. Tisa! Na sina hata moja inayofaa. Huko kwenu je?"

"Gunia moja na nusu. Dirisha moja, siku tatu."

"Acha uongo wako."

"Haki ya Mungu. Na nilipewa kiti nikae."

Hicho kiti kilimuudhi kuliko magunia yote tisa.

"Niletee mzigo huku," wifi akasema. "Mpakani utajaza fomu moja tu. Nitamwandikia huyo mnunuzi kwa jina langu, hela nitakupa yote."

"Na jina langu mimi?"

Wifi akamuuliza goti linaendeleaje.

Mama Pilipili aligoma siku mbili. Ya tatu alirudi dirishani, akaambiwa karani yuko semina hadi Ijumaa. Semina! Alitoka pale akitukana ngazi moja baada ya nyingine, akakodi lori.

Ghalani kwa wifi yake walifunga kanga puani, wakamimina pilipili kutoka magunia yake kwenda magunia ya wifi, wakipiga chafya. Machozi yalimtoka, na hakuzisingizia pilipili. Aliumia, basi.

Baada ya mwezi wifi akapiga simu. Pesa zote zilikuwa zimeingia, lakini sauti yake ilikuwa ya mtu anayetafuta pa kuanzia.

"Mnunuzi ameandika. Anasema hajawahi kuona pilipili nzuri kama hizi, anataka magunia mia mbili."

"Kumbe! Na nini kingine?"

"Anasema... alikuwa ameagiza kwa mama mmoja wa nchi yenu, akamwangusha. Anasema ninyi huko kilimo cha pilipili hamkijui."

Mama Pilipili akakaa kitako sakafuni.

"Ukamjibu nini?"

"Nimemjibu asante, wifi. Ningesema nini?"