Gari la Merle Linachemsha

Clem Radloff amechoka. Nasema hivi mapema usije ukadhani nakuletea habari za shujaa. Ana miaka sitini na tisa, goti la kushoto halikunji, sikio la kulia halisikii, na kila Jumatatu anasema mwezi ujao anafunga karakana na kuhamia Whyalla kwa binti yake akavue samaki. Mimi ndiye mpishi wa mkahawa wa hapa Wattle Bore, kituo cha mafuta cha jangwani kilicho kati ya Coober Pedy na Glendambo, na ukuta wa jiko langu ndio ukuta wa karakana yake. Huo mwezi ujao nimeusikia kwa miaka kumi na tisa.

Si kwamba anaipenda kazi. Alizaliwa kwenye shamba la kondoo, baba yake Otto akamfundisha ufundi kwa makofi, na tangu hapo hajajua kingine. Mkewe Gwenda alivumilia nzi na vumbi miaka ishirini na sita, kisha akafungasha virago. Clem hakumfuata kwa sababu siku ile kulikuwa na lori limekatika ekseli na dereva wake anasubiri. Hivyo ndivyo anavyosema mwenyewe. Ukimuuliza kama anajuta, anakuambia umshikie spana.

Merle Nankivell alifika Jumanne moja ya Novemba, saa nne asubuhi, gari lake likivutwa kwa mnyororo na pikapu ya mchunga ng'ombe mmoja. Merle ana miaka sabini na tatu, alikuwa mkunga, na mumewe alipofariki aliuza nyumba akanunua gari-nyumba kuukuu lenye kitanda, jiko la gesi na injini iliyofichwa chini ya kiti cha dereva. Anaishi humo mwaka wa sita sasa. Baridi ikianza anapanda kaskazini na wazee wenzake, joto likija anashuka pwani, na tunamwona mara mbili kwa mwaka, wakati wa kwenda na wakati wa kurudi.

"Limechemsha tena, Clem," alisema, hata salamu hakuikumbuka. "Mara ya tatu tangu Oktoba."

"Maji ulitia?"

Ningemchapa mwiko kwa swali lile. Niliona uso wa mama wa watu ulivyomshuka.

"Nilitia," akasema. "Nadhani nilitia. Nikifunua baadaye nakuta hamna kitu. Brenton anasema nasahau."

Brenton ni mwanawe wa pekee, anakaa Murray Bridge. Tangu gari lilipochemsha mara ya kwanza, amekuwa akimpigia mama yake simu kila siku kumuuliza leo ni tarehe ngapi. Mara ya pili akamwekea sharti: likichemsha tena, fundi alitazame, na fundi akisema injini imekufa, basi mama anahamia kwake, kwenye chumba cha nyuma ya gereji, na ufunguo wa gari anaukabidhi. Merle alikubali. Na Merle akishakubali jambo hageuki, hata likimuua.

"Kwa hiyo usinihurumie," alimwambia Clem. "Ukiona imekufa, sema imekufa."

"Mimi simhurumii mtu kabla ya chai," Clem akajibu, akainua kiti cha dereva.

Nilimsikia siku nzima kupitia ukutani, akilaani kwa Kijerumani cha baba yake, lugha asiyoijua zaidi ya hapo. Alianza na mambo mepesi. Kifuniko cha rejeta kilikuwa kizima. Mkanda ulikuwa umekaza, feni inazunguka. Alipuliza panzi na mbegu za nyasi vilivyojaa mbele ya rejeta, vikatoka vya kujaza ndoo. Akachomoa kijiti cha oili akakinusa, maana maji yakishaingia kwenye oili inageuka rangi ya chai ya maziwa, na hapo ndipo unapomwambia mwenye gari akae chini. Oili ilikuwa nyeusi, safi kwa weusi wake.

Akawasha injini, akasubiri, akashika mipira ya maji kwa mkono mtupu. Wa juu ulikuwa unaunguza. Wa chini ulikuwa vuguvugu tu.

"Rejeta imeziba," alinitangazia dirishani, kama mimi ndiye niliyeiziba. "Maji hayapiti."

Basi akaifungua rejeta, kazi ya saa mbili kwa mtu mwenye goti linalokunja, na kwake saa nne. Akaisukumia maji kwa bomba. Yakapita vizuri kabisa. Akaketi juu ya kreti akiitazama, na mgongo wake, wallahi, ulinitia huruma.

Jioni simu ya kaunta ikalia. Clem hupokea kwa kipaza sauti kwa ajili ya sikio lake, kwa hiyo faragha hapa hatunayo. Merle alikuwa kwenye bafu la nje.

"Mzee, ni Brenton. Imekufa?"

"Bado sijajua."

"Nisikilize, mzee wangu. Ana miaka sabini na tatu. Wiki iliyopita alikaa kando ya barabara kwa saa tatu, jua la kuua mtu, hakuna mtandao. Mimi nashindwa kulala. Wewe ndiye anayekuamini. Hata kama inatengenezeka, fanya ubinadamu. Sema imekufa."

"Kesho njoo na trela," Clem akasema, akakata.

"Umemkubalia?" nikamuuliza.

"Nimemwambia aje na trela. Hukusikia? Au sasa tumekuwa viziwi wawili?"

Asubuhi aliirudisha rejeta, akabadilisha pampu ya maji kwa nyingine aliyoitoa kwenye gari bovu lililoko nyuma ya matangi, kisha akaenda kulijaribu la Merle. Kuna kizuizi cha ng'ombe, vyuma vilivyolazwa barabarani, kilomita kumi na nane kuelekea kusini, na upepo wa hapa unatoka huko huko. Gari linalofika pale bila kuchemsha limepona. Alikaa saa moja na nusu. Aliporudi alikuwa mwekundu hadi shingoni, dumu la maji tupu, na mvuke unatoka chini ya kiti.

"Kilomita kumi na mbili," alisema. "Sijui tena. Labda ni silinda hedi. Labda imekufa kweli."

Alilisema bila uchungu wowote, na hilo ndilo lililonitisha. Clem ninayemjua angetupa kitu.

Merle alikuwa kwangu kaunta, ameshika kikombe cha chai na sandwichi ya jibini aliyoimega mara moja tu. Hakuwa akilia. Alikuwa ananiuliza kama ndani ya chumba mtu anaweza kusikia mvua, kwa sababu kwenye gari mvua inamkalia juu ya kichwa na anaipenda. Nikamwambia inategemea paa.

"Na baridi iliyopita niliteseka bure," akasema. "Hita ya gari haikupasha hata kidogo. Asubuhi naendesha na blanketi miguuni, soksi jozi mbili. Nilijua tu gari linazeeka na mimi nazeeka. Ningeuza mapema."

Mimi si fundi. Lakini ukikaa miaka kumi na tisa nyuma ya ukuta wa fundi, kitu kinakuingia. Injini moja, baridi yote haipati moto, joto likija inachemsha. Nilipompelekea Clem mkate wake wa nyama nikamwambia vile vile nilivyosikia. Alikuwa ameshauma. Akaacha kutafuna.

"Hita ilipuliza baridi?"

"Ndivyo alivyosema."

"Tangu lini?"

"Tangu alipotoka hapa Aprili, nafikiri."

Akaweka mkate juu ya betri. Kuna kidude cha shaba chenye springi, thamostati, kinachokaa kwenye njia ya maji ya injini. Injini ikiwa baridi kinafunga njia ya kwenda rejeta, ikipata moto kinafungua. Clem alifungua boliti mbili za mahali kinapokaa. Hakikuwamo. Na pembeni kulikuwa na gundi nyekundu, ile anayoiagiza yeye, ambayo kutoka hapa hadi Port Augusta hakuna fundi mwingine anayeitumia.

Nikajua kabla hajafungua mdomo, maana sote tunajua desturi ya hapa. Otto alikuwa anayatoa mathamostati kwenye malori ya shamba. Jangwani ya nini, alikuwa akisema, acha maji yapite. Na kwa malori yale ilikuwa sawa. Clem naye akawatolea watu maisha yake yote, bila malipo, bila hata kuwaambia, kama unavyomfutia mtu kioo akisimama kutia mafuta. Anayatia kwenye kopo la biskuti juu ya rafu, na kopo limejaa. Lakini injini kama hii ya Merle ina njia mbili za maji, ndefu inayokwenda rejeta na fupi inayozunguka ndani tu. Kidude kile kikifungua ndefu kinaziba fupi. Ukikitoa, maji yanashika njia ya mkato na kurudi yakiwa na moto wake. Wakati wa baridi huoni shida. Ngoja joto lije.

Clem alishusha lile kopo, akakaa nalo mapajani.

"Aprili alikuja kubadilisha oili," akasema. "Nikamsaidia."

Akalifunika kopo tena.

"Nikisema imekufa, kila mtu anapumzika. Kijana wake analala usingizi. Mimi napumzika. Hakuna atakayejua."

"Na Merle?"

"Atapata chumba chenye kiyoyozi."

Hapo nilikasirika hasa. "Sema unalotaka kusema, Clem, lakini usinisemee mimi habari za kiyoyozi. Na kama umechoka, choka na vitu vyako mwenyewe."

Nikarudi jikoni. Nusu saa baadaye aliingia, akaniomba sufuria. Nikampa ya mayai. Akachemsha maji, akatumbukiza thamostati aliyoipata karibu na juu ya kopo, akainama na miwani yake kutazama. Maji yalipoanza kutokota, kidude kikafunguka polepole, bila kukwama. Alikiokota kwa koleo, akaenda nacho, na sufuria yangu akaniachia na grisi.

Brenton alifika saa tisa na trela, jitu jeupe lenye macho ya mtu aliyeendesha tangu alfajiri. Clem alikuwa ndiyo kwanza anarudi kutoka kwenye kizuizi cha ng'ombe. Joto lilikuwa nyuzi arobaini na mbili, upepo unampiga usoni kwenda, na gari lilirudi bila hata chembe ya mvuke. Alizima injini akashuka taratibu, ameshika mlango. Merle alikuwa amesimama kivulini na begi lake dogo, tayari.

"Haya, mzee," Brenton akasema, akimkazia macho. "Tuambie. Imekufa?"

"Haijafa. Nzima kabisa."

"Mzee, tulizungumza..."

"Tulizungumza, ndiyo." Clem alivua kofia, jambo ambalo halifanyi hata kanisani. "Mama Merle, ni mimi niliyeliharibu. Aprili nilitoa kidude nisichopaswa kukitoa, sikukuambia. Nimekirudisha. Halitachemsha tena."

Merle hakuelewa mara moja. Niliona anatafuta kitu kingine kabisa katika maneno yale.

"Na maji?" akauliza. "Maji yalikuwa yanakwenda wapi?"

"Yalikuwa yanachemka na kumwagika njiani. Ukitia asubuhi, adhuhuri hakuna. Ndiyo maana ukifunua unakuta pakavu."

"Kwa hiyo nilikuwa natia."

"Ulikuwa unatia, mama. Kila siku."

Begi lilimponyoka. Alikaa kwenye ngazi ya gari, akakaa vibaya, upande mmoja, na nikataka kwenda kumshika lakini Clem alikuwa karibu zaidi naye hakusogea, amesimama tu na mikono ya grisi asijue aiweke wapi.

"Wiki zote hizi, Clem," Merle akasema. "Kila nikiamka, kabla sijanyanyuka, nataja watoto niliozalisha, mmoja mmoja, nione kama bado ninao. Nikikwama kwa jina moja tu, siku yote siendeshi. Nasema ndiyo hivyo, akili imeanza kuniacha."

"Nisamehe."

"Sijui. Usiniharakishe."

Brenton alikuwa amechuchumaa mbele yake, suruali yake vumbini, amemshika vidole. "Mama, mimi niliogopa tu. Kila ukinipigia gari limekauka. Ningefikiria nini? Mama, nitazame."

Hakumtazama. Alikuwa analia sasa, kwa sauti, mdomo wazi, bila kuficha, analia na kucheka kidogo katikati.

"Niache kwanza, mwanangu," alisema. "Nilikuwa nimeshaanza kukuamini."