Mkono Kwenye Chupa

Siku yangu ya kwanza katika chumba cha wagonjwa mahututi pale Arua, Sista Mkuu hakunionyesha mgonjwa hata mmoja. Alinisimamisha mlangoni akaniambia nifumbe macho. "Unasikia nini?" Nilikuwa nimetoka wadi ya watoto Koboko, nimezoea vilio. Hapa nilisikia maji yakibubujika.

"Hiyo ndiyo kazi yako," akasema. "Yakinyamaza, kimbilia kitanda."

Nyinyi wauguzi mlioanza juzi mna mashine zenye skrini. Sisi tulianza na chupa ya maji. Mrija mmoja ulipeleka oksijeni kutoka mashine ndogo hadi puani mwa mtoto, mwingine ukatoa hewa na kuzama ndani ya chupa. Kadiri ulivyozama, ndivyo mgandamizo ulivyoongezeka, na huo ndio uliozuia mapafu yasinywee. Kila wiki daktari mmoja wa ng'ambo alitutembelea kwa simu ya video. Sista aliizungusha kitanda kwa kitanda, naye akauliza maswali bila kuchoka. Nilimpenda kwa hilo, maana hata mimi nimewasumbua watu kwa maswali maisha yangu yote.

Asubuhi moja tuliletewa kutoka Koboko mtoto wa kike, Neema, mwenye nimonia kali. Aliyemleta ni bibi yake, mama wa Kikongo anayeuza samaki wakavu sokoni. Tukamuunganisha. Nilikuwa kitanda cha pili niliposikia kimya. Kugeuka, bibi ameutoa mrija majini, na midomo ya Neema inageuka rangi. Niliurudisha upesi.

"Toka nje!" Sista akafoka. "Unataka kuua mjukuu wako?"

"Ni nyie munamuua! Maji iko natokota, na munaiunga mu pua ya mutoto! Mutamuchoma!"

Sista alishafungua mlango. Mimi nikaitazama upya ile chupa. Kwa mtu aliyepika maisha yake yote, maji yenye mapovu yako jikoni tu. Nikasema, "Sista, ngoja kidogo," nikaushika mkono wa yule mama nikauweka kwenye chupa.

Akaipapasa. "Iko baridi," akasema. Kisha akaniuliza, "Sasa nani anaitokotesha?"

"Hewa ya mashine, mama, pamoja na pumzi ya Neema."

Hakuuondoa mkono tena. Mapovu yalipopungua alituita, mara nyingine kabla hatujasikia wenyewe. Neema alipona. Nilipomsimulia daktari wa ng'ambo alicheka, kisha akaniomba nirudie tangu mwanzo. Tangu hapo hatukumuunganisha mtoto kabla ndugu yake hajaigusa chupa, na Sista ndiye aliyelisimamia hilo kwa ukali kuliko wote.

Nilipostaafu, daktari alinitumia picha kutoka hospitali yake. Mama kijana, amevaa sweta zito, ameshika chupa kama yetu. Aliandika kwamba sasa nao wanafanya hivyo. Nilifurahi mno, nikapanda gari hadi Koboko kumwonyesha bibi yake Neema.

Nilimkuta sokoni, Neema akiwafungia wateja samaki. Niliwasimulia jinsi jambo lake lilivyovuka bahari. Hakuonekana kushangaa. Aliisogeza simu karibu na macho, akaitazama sana ile picha.

"Huyu mama," akasema, "mutoto wake alipona?"

Sikuwa nimeuliza. Nikampigia daktari simu pale pale, tukaiinamia pamoja juu ya samaki tukisikiliza ikiita.