Soksi Yangu Nyuma ya Kompyuta

Tangu juzi naingia ofisini bila soksi, na sababu yake ni aibu tupu. Mimi ni karani wa shamba la ngano la serikali hapa Hanang. Kompyuta tunayo moja tu. Fundi alikuwa ameiwekea boksi jipya la kuilisha umeme, lenye uwezo mkubwa kuliko la zamani, na mimi kwa akili yangu nikaamini kwamba sasa haiwezi kuungua kamwe.

Asubuhi ile baridi ilikuwa kali. Nyuma ya mashine, tundu la feni lilikuwa linapuliza hewa ya uvuguvugu, nikaona joto linapotea bure. Kwetu Tlawi, baridi ikizidi, tunaziba matundu ya ukuta kwa nguo ili ndama wasife. Nikavua soksi moja, nikaziba nayo tundu la feni.

Kufika saa tano, ofisi ilinuka moto na kioo kikazima. Meneja akafoka, "Huu ni uhujumu! Mtu atalala ndani!"

Nikasema kwa sauti ya panya, "Labda ni jenereta, mzee."

Mzee Gidamis, mwendesha jenereta, ambaye namwamkia shikamoo kila siku, akanigeukia.

Fundi akaitwa, akageuza mashine. "Boksi kubwa linabeba mzigo mkubwa," akasema, "lakini joto lake lazima litoke. Nani ameziba hapa?"

Akachomoa soksi nyekundu ya sufu, yenye mistari ya kijani, aliyonifumia mama. Mzee Gidamis akaitazama, kisha akatazama miguu yangu.

"Mwanangu," akasema taratibu, "ya pili umeivaa."