Chumba Kimoja Juu ya Same

Nilipoolewa, enzi za Mwingereza, nilikuwa nimeshaipanga nyumba yangu kichwani: sebule, vyumba vya kulala na baraza, kama ya mwalimu wetu wa misheni. Mume wangu alikuwa seremala, mtu wa maneno machache. Alinipeleka kwenye kiwanja chetu, ubavuni mwa mlima juu ya Same, akachora ardhini kwa fimbo chumba kimoja.

"Na vingine?" nikauliza.

"Hakuna vingine. Tukiuchimba sana mlima huu, masika utatuteremkia kitandani."

Nilinuna mpaka jioni. Lakini ulipoitishwa msaragambo, ile kazi ya pamoja ya kijiji, majirani wakaja kutusaidia, nami nilibeba mawe. Wanaume walipandisha kuta. Sisi wanawake tuliteka maji na kukanyaga udongo, matani yakiruka huku na huku. Upande wa bondeni mume wangu aliacha uwazi mpana wa dirisha, hata wazee wakamwuliza kama anajenga nyumba au zizi. Alicheka tu, akaendelea kuranda mbao.

Ndani aliweka kitanda, benchi refu lililoshikana na ukuta, na vigingi vya kutundikia nguo. Basi.

Siku ya kuhamia, mama mkwe alifika na wifi zangu, wamejitwika mitungi, viti, kinu na sanduku la bati.

"Shikamoo, mama," nikapiga goti.

"Marahaba, mwanangu. Nimekuletea vyombo, usije ukachekwa." Akachungulia ndani, akaduwaa. "Sasa tutaviweka wapi?"

Kabla sijajibu, mvua ikashuka. Majirani na jamaa wote waliokuja kutupongeza, waliokuwa uani, wakakimbilia ndani, wazee kwa watoto, na wakaenea. Hapakuwa na kitu cha kumkwaza mtu. Mtu akaanzisha wimbo, wifi zangu wakapiga vigelegele, tukacheza mpaka sakafu mpya ikanukia udongo.

Mvua ilipokatika, ukungu ukafunguka. Tambarare yote ikawa mbele yetu dirishani, na gari moshi likienda Moshi, dogo kama jongoo. Mama mkwe akasogea, akaegemea kizingiti.

"Kumbe dirisha hili mwanangu alikuwa ananijengea mimi!" akasema. Nyumba nzima ikaangua kicheko, na mume wangu akainamisha kichwa kwa haya.

Vyombo vingine alirudi navyo, tukabakiza kinu tu. Tangu hapo mama mkwe alikuja karibu kila asubuhi na kibuyu cha uji, tukawa tunakunywa benchini, tukiteta habari za kijiji kizima.