Maji Mawili Katika Pipa Moja

Siku ya kwanza kazini nilipewa buti nyeupe zinazonibana, na mvi tayari ninazo. Nyie vijana msicheke. Kile kiwanda kidogo pale Mpanda kilikuwa kinafuga ukungu. Ndiyo, ukungu, kama wa ugali uliolala, ila huu waliuchagua wataalamu, unalishwa pumba za mpunga kutoka Majimoto. Barabara ile masika, Mungu wangu, tuiache. Ukungu ukishiba unatoa kimeng'enya, ndicho kinachogandisha maziwa yawe jibini. Shida yake kinatoka kimechanganyika na uchafu.

Zamani walichuja kwa vitambaa, kingi kikapotea. Mimi nimeikuta njia mpya. Ule mchuzi wa ukungu unautia kwenye pipa dogo la plastiki, unaongeza chumvi na unga fulani laini, unachanganya, unaacha utulie. Yanajigawa maji mawili, ya juu na ya chini, na yote ni maji! Kimeng'enya kinapanda juu, uchafu unabaki chini. Nilidhani wananitania.

Mkuu wa Usafishaji wa kimeng'enya, mama asiyependa maneno mengi, akasema, "Mzee, changanya hilo." Basi. Mimi Msukuma, nimekulia kwenye kibuyu cha kusukia maziwa. Nikalitikisa pipa mpaka jasho likanitoka. Likajaa povu hadi mdomoni. Mkuu akachota kidogo, akadondoshea glasi ya maziwa, tukangoja. Maziwa yakabaki maziwa.

"Umekiua. Povu linakiua. Limebaki pipa moja, na hilo likiharibika unarudi kwa ng'ombe zako."

"Ng'ombe niliuza, Mama Mkuu."

"Basi utarudi kwa za watu."

Nilikaa juu ya ndoo, nikamkumbuka mama yangu. Kibuyu alikitikisa kwa nguvu mwanzo tu. Siagi ikianza kushikana, alikilaza mapajani, akakibingirisha polepole huku anaimba. Nikafunga pipa la pili, nikalilaza sakafuni, nikaanza kulibingirisha hivyohivyo, na wimbo juu.

Mlinzi akachungulia. "Babu, kazi ya wake za watu hiyo, leo umeolewa?"

"Nimeolewa, mahari kamuulize Mkuu!"

Nikalisimamisha. Tukangoja. Jamani! Mstari ukajichora katikati, umenyooka kama ukingo wa meza. Mkuu akachota maji ya juu, akadondoshea maziwa. Baadaye akaigeuza glasi kichwa chini, juu ya viatu vyake mwenyewe. Halikudondoka tone! Nikapiga kigelegele mimi, mwanamume mzima. Mkuu naye akacheka, mara ya kwanza.

Mwaka niliostaafu ikaletwa mashine ya kuzungusha mapipa. Fundi akauliza aiweke mwendo gani. Mkuu akanyoosha kidole kwangu. "Muulize mzee." Nikaimba, nikabingirisha, fundi ameshika saa, akaitega mashine ifuate mkono wangu.

Sasa nipo Sitalike na magoti yangu mabovu. Ila mkipita kile kiwanda, sikilizeni ile mashine inavyozunguka. Huo ni mwendo wa mama yangu, ambaye hata darasa la kwanza hakuingia.