Herufi Arobaini kwa Mstari

Usinikatize mpaka nimalize, halafu ukitaka kuniita mwongo, niite. Mume wangu alishaniita hivyo na bado tunakula sahani moja. Jambo hili lilinipata mimi mwenyewe, hapa Lubumbashi, enzi zile za Zaire tulipokuwa tukiitana citoyen na citoyenne, yaani raia, na wanaume wote ofisini wamefunga abakosti, koti lile lisilovaliwa tai, hadi kooni. Watu wakisimulia mambo ya namna hii huyaweka usiku wa manane. Mimi sina usiku wa kukupa. Ilikuwa mchana, mvua inanyesha, na tumboni sikuwa na kitu zaidi ya chai.

Nilikuwa mpiga chapa katika kampuni ya shaba, idara ya vipuri. Mwaka huo walituletea kompyuta, ya kwanza katika jengo letu, na kwa kuwa nilikuwa na vidole vyepesi wakanikalisha mbele yake. Wenzangu walinionea wivu. Laiti wangejua! Kwenye mashine ya chapa niliandika kwa mazoea tu, lakini kile kioo kilikuwa cheusi, herufi zake za kijani zimebanana themanini kwenye mstari mmoja, na macho yangu yalikuwa yameanza kunitupa. Palipo na tatu nilisoma nane. Fundi wa mgodini aliomba mkanda, akapelekewa boliti. Nilijua nikisema sioni vizuri, kesho yake kiti kile atakikalia mwingine, na nyumbani mshahara wangu ndio uliotulisha, maana baba yangu, fundi cherehani, mikono ilikuwa imeshamkatalia. Kwa hiyo nikanyamaza. Nyumbani nilinyamaza vilevile. Mama yangu ni mtu wa Maniema; angeanza kuniombea dua, na majirani wote wangekuwa na habari kabla ya adhuhuri.

Siku hiyo wenzangu walikuwa wameshaondoka. Mimi nilibaki kurekebisha makosa, uso umekaribia kioo hadi pua inakigusa. Nikasikia kiti cha pembeni kinavutwa. Alikuwa mwanamume mrefu, abakosti ya kahawia, kovu kidevuni, amekaa kwa utulivu wa mtu aliyefika kazini kwake. Nikadhani ametumwa na wakubwa. Kila aliponitazama aligeuza kichwa upande, kama kuku anavyoitazama punje.

“Citoyenne, yambo,” akasema. “Hii maandiko inakukatala, eh?”

“Yambo, citoyen. Hapana, iko muzuri tu.”

Akacheka kidogo. “Miye pia nilisemaka vile. Toka mu programu, nikuonyeshe kintu.”

Nikatoka kwenye programu mpaka kioo kikabaki na ile alama ndogo inayongoja amri. Yeye hakugusa kitufe hata kimoja. Alinitamkia tu, polepole, kwa subira ya mwalimu anayemfundisha mtoto Alhamdu: mode, uache nafasi, kisha bw40.

“Bw, juu hii écran, hii kioo, haina rangi,” akaeleza. “Makumi ine, ni herufi makumi ine mu mustari moya. Banapunguka, basi kila moya inapata nafasi ya kunona. Sasa finya ile touche kubwa.”

Nikakifinya kitufe kile. Kioo kikazimika. Kwa kitambo kidogo kilikuwa cheusi kabisa, na katika weusi ule nikaona chumba chote: dirisha, mvua, mimi na kitambaa changu cha kichwa, na kiti cha pembeni hakina mtu. Wewe ungefanya nini? Mimi niliyalaumu macho yangu. Nilikuwa nimeshazoea kuyalaumu. Kisha ile alama ikarudi, imenenepa mara mbili. Nikafungua programu, na wallahi nakuambia, nilisoma mstari mzima bila kukunja uso. Nikalia pale pale mbele ya mgeni, sikuona hata haya.

“Ukitaka kurudisha, unaandika bw80,” akasema. “Lakini usirudishe.”

Nikamwambia kwamba chef, mkubwa wetu wa idara, akiona herufi kubwa namna ile lazima aulize.

“Aulize. Miye balinituma Ulaya kusoma hii machine. Kila mara mwalimu anaingia, miye narudisha makumi munane. Hakuna muntu aliyua. Hata bibi yangu, mama ya mutoto wangu, sikumuambia, sikupenda awaze. Kisha siku moya motokari ikatokea ku upande. Sikuimona.”

“Pole sana, baba. Ulipona muzuri?”

Alinitazama kwa upole ambao sijui nikueleze vipi. Akasema tu, “Ubaambie bantu, mama. Kukosa kumona haiko haya.” Nikainama kutafuta leso kwenye mkoba, nilipoinuka hayupo. Nje maji yalikuwa yakipita barabarani kama mto, lakini sakafu, kutoka mlangoni hadi kitini, haikuwa na alama ya kiatu kilicholoa. Sikuwahi hata kumwambia asante.

Asubuhi yake aliyetangulia kuingia alikuwa Mama Ngalula, sekretari wetu mkubwa, mtu wa Kasai, mcheshi ajabu. Akaona herufi zile, akauliza nani amenifundisha. Nikamweleza mtu mwenyewe alivyo. Ucheshi wote ukamtoka.

“Kovu iko huku?” akauliza, akigusa kidevu chake.

Nikasema ndiyo. Akavuta kiti, akakaa. Ndipo aliponiambia habari za Kisimba, ambaye mimi sikuwahi kumjua, kwa kuwa nilihamishiwa idara ile baada yake. Kampuni ilimtuma Ulaya ajifunze kompyuta kabla ya kuinunua. Akarudi ndani ya sanduku, watu wakaenda kumpokea uwanja wa ndege wa Luano wakilia. Na mjini wakasema aligongwa na gari kwa sababu ya ulevi.

Chef alipoingia, mkono wangu ulishakuwa juu ya vitufe kurudisha themanini. Nikauondoa. Nikamwambia: sioni vizuri, chef, ndiyo maana makosa yote yale. Alinigombeza mpaka akachoka, kisha akanipeleka kwa daktari. Daktari akasema ugonjwa wenyewe hauumi, unakula macho polepole, ukianzia pembeni. Jicho la kushoto nimeshalichelewesha, la kulia linaokoleka. Niliporudi kiti kilikuwa bado changu. Na boliti hazikwenda tena kwa mtu aliyeomba mkanda.

Lakini moyo haukutulia, kwa sababu mjane wa Kisimba alikuwa hai. Mama Ngalula akanipeleka kwa mjane huyo, Kasungami, pembeni ya mji, alikokuwa akilima baada ya ndugu za mumewe kumtoa nyumbani. Walimwambia mume wake alikufa kilevi, na kwamba pombe yeye ndiye aliyemzoeza. Jina lake Mama Monga. Tulimkuta anatwanga sombe, yale majani ya muhogo. Nikamsimulia kila kitu, hata kile kiti kitupu kwenye kioo, na yeye anaendelea kutwanga. Nilipofika kwenye motokari iliyotokea upande, mchi ukasimama.

“Alikuwa anaweka mutoto karibu-karibu na macho yake,” akasema. “Kila mangaribi, akitoka ku kazi. Anamuangalia hivi, hivi. Miye nilizania ni mapendo.”

“Ilikuwa mapendo, mama,” Mama Ngalula akamjibu. “Alikuwa anatafuta sura ya mutoto wake.”

Tukalia wote watatu, sombe ikakauka kinuni. Jumapili ile Mama Monga alikwenda kwa ndugu za mumewe akawaambia. Mmoja wao alimwomba msamaha. Wengine wanacheka hadi leo. Yeye alisema huyo mmoja anamtosha.

Mimi jicho la kushoto lilizimika kabisa, hilo unaweza kuliona mwenyewe. Yule mtu hakunirudia tena, ingawa kwa miaka mingi niliacha kile kiti cha pembeni wazi, na aliyetaka kukikalia nilimtafutia kingine. Sasa nikuonye, kisha uende zako. Ukiona mwili wako umeanza kukutupa, usifiche. Unafikiri unawaepusha wa nyumbani wasiwasi, kumbe unawaachia maneno ya watu, na hutakuwepo kuwajibia. Mwambie aliye karibu nawe leo, kabla hamjala chakula cha jioni.