Mafuta ya Aili

Aili Kangas ni mbishi. Alizaliwa mbishi huku Michigan ya kaskazini, akaolewa na mbishi mwenzake, Reino, wakaishi kwa kubishana na kupendana mpaka moyo wa Reino ukasimama theluji ilipoanza kuyeyuka. Msimu wa kuwinda kulungu ulipokaribia, Aili akaja karakanani kwangu na bunduki ya marehemu, kaizungushia blanketi kama mtoto mchanga.

"Onni, darubini yake ya kulengea inacheza. Ikaze. Lakini skrubu usizitoe, maana alizikaza Reino."

"Shemeji, nikizikaza juujuu zitalegea tena. Unataka umjeruhi mnyama, umfuate porini kutwa nzima?"

"Nataka ielekee palepale alipoielekeza yeye. Nikichungulia humo, naona alipokuwa anaona. Sina kingine."

Nikaishika ile darubini, ikatikisika kama jino bovu, na vidole vyangu vikateleza.

"Nani kaimwagia mafuta hivi?"

"Mimi. Kila Jumamosi nikitoka kuoga mvuke sauna, kama alivyokuwa akifanya. Isipate kutu."

Watu wa huku kwetu na mafuta, acha tu! Ila Reino alipaka chuma cha nje, basi. Aili kapaka kila mahali, kwa mapenzi yake yote, na mafuta yakapenya kwenye nyuzi za skrubu. Ningenyamaza, lakini mdomo wangu huu!

"Basi uliyezilegeza ni wewe. Alipoielekeza Reino hapapo tena, shemeji. Pameshapotea."

Akakaa kwenye kigoda changu akalia kwa sauti. Nikajichukia kwelikweli. Kisha akajifuta kwa ncha ya blanketi.

"Lete bisibisi. Kama ni kuzitoa, nitazitoa mwenyewe."

Akazitoa. Nikamwonyesha namna ya kuzisafisha kwa spiriti, na matundu yake pia, mpaka kitambaa kisishike mafuta tena. Halafu tone dogo la gundi ya skrubu, na kukaza kidogo huku, kidogo kule, zibane sawasawa.

"Usikaze kwa hasira, utazikata vichwa."

"Nikaze kwa nini sasa, Onni? Hasira ndiyo niliyo nayo."

Tukaiacha gundi ikauke. Kesho yake tukaenda kulenga shabaha. Risasi ya kwanza ikaenda kulia kabisa, tukarekebisha. Ya pili ikasogea, tukarekebisha tena. Zilizofuata zote zikaingia katikati, tundu juu ya tundu, na darubini haikusogea hata unywele.

"Lo! Reino mwenyewe hakuwahi kupiga hivi!" nikapiga kelele nyuma yake.

Aili akageuka upesi kushoto, alipozoea kusimama Reino, uso umemng'aa, mdomo wazi, tayari kutamba. Kushoto hapakuwa na mtu. Akabaki akipatazama.

"Maisha yangu yote nimetaka kumshinda," akasema. "Leo nimemshinda. Nikamtambie nani?"